Jina Ambalo Halijachukuliwa

Mtama uliolowa maji ya mafuriko una harufu yake. Siku ya kwanza hunukia kama uji uliochachuka, siku ya tatu kama pombe, na kufikia juma la pili hunuka kama kitu kilichokuwa hai kikafa. Harufu hiyo niliijua nikiwa na miaka minane au tisa, mwaka ambao maji yaliingia kwetu, uwanda wa Kano, na kutufukuza nyumbani, nami nilidhani nimeizika pamoja na watu wa wakati ule. Kumbe haikuzikwa. Ilinirudia puani mwezi wa nne uliopita, mchana kweupe, nikiwa nimeketi nyumbani kwangu Nyalenda hapa Kisumu, nikichambua omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye ungo, mjukuu wangu Awuor aliponiomba nimpe jina la kuanzia gemu.

Nieleze kidogo, maana watu wa rika langu wengi wakisikia neno gemu hufikiria kelele tu. Awuor ana miaka kumi na minne. Ni mtoto wa binti yangu Jenipher, anayefanya kazi kwenye mizani ya miwa kule Muhoroni na kumwacha mtoto kwangu kwa ajili ya shule. Likizo ile ya mvua Jenipher alikuwa amemletea kompyuta ya kubeba, kuukuu, yenye ufa pembeni, na rafiki yake wa darasani, Jaspreet, ambaye wazazi wake wana duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa amemweleza habari za gemu fulani. Ni hadithi ya miaka ijayo, watu wameihama dunia na kwenda kukaa kwenye nyota. Lakini si hadithi ya kutazama kama sinema. Unaingia ndani yake, unatembea, unaongea na watu, unachagua la kujibu, na lile ulilochagua linabadilisha yanayofuata. Na huingii kama wewe. Kabla hujapiga hatua moja lazima umuumbe mtu, kama mfinyanzi anavyoumba chungu, na ukimaliza unamvaa.

Sikatai, nilivutiwa. Nilisogeza kiti na ungo wangu karibu. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, na mimi shule niliiacha darasa la tatu, basi Awuor alikuwa akisoma na kunitafsiria. Kwanza alichagua uso: ngozi, pua, nywele, hata kovu kama unataka. Kisha gemu ikauliza mtu huyu ametoka wapi. Amelelewa na wanajeshi, au ni mchimba madini, au ni mtu aliyefukuzwa kwao. Awuor akachagua aliyefukuzwa kwao, akasema hao ndio huwa na hadithi tamu. Nikarudi kwa omena zangu. Halafu akapewa alama chache za kugawa: nguvu ya mwili, shabaha, ufundi wa mitambo, ulimi. Alitaka kuzimimina zote kwenye shabaha. Nikamwambia nimeuza nguo za watoto za mitumba pale Kibuye tangu mama yake akiwa mgongoni, na sijaona hata siku moja ugomvi wa soko ukimalizwa na aliye na ngumi nzito. Ulimi hauna mfupa lakini huvunja mfupa. Akacheka, akaweka nyingi kwenye ulimi. Mpaka hapo tulikuwa tunafurahi.

Ikafika zamu ya jina. Akaandika Awuor, yakatokea maandishi mekundu. Akaandika Jenipher, mekundu. Nikamwuliza kuna nini.

"Jina imechukuliwa, Dani." Dani ni bibi kwa lugha yetu, ndivyo anavyoniita.

"Imechukuliwa na nani?"

"Na mtu tu. Anaweza kuwa Brazil, anaweza kuwa hapa Kondele. Tunacheza dunia yote pamoja, kwa hivyo watu wawili hawawezi kuwa na jina moja." Jaspreet alikuwa ameshaingia huko nyotani, na kwenye simu alikuwa akimharakisha. Awuor akanigeukia. "Wewe unajua majina ya watu wote. Nipe moja ambayo hakuna mtu anayo."

Hilo la kujua majina ni kweli, wala si majivuno. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ziliota upande huo mmoja tu. Hesabu zilinishinda, lakini hadi leo naweza kukuitia daftari zima la darasa la tatu, kuanzia Barnaba Otieno aliyekuwa na kigugumizi hadi Perpetua Awiti aliyekuja na mtoto wa dada yake mgongoni. Basi nikaanza kumtajia Awuor. Akinyi, Atieno, Akoth, Adongo. Yote mekundu. Nikateremka kwa wakubwa wao, kisha kwa mama wa wakubwa wao, majina ambayo siku hizi hayaitwi hata matangani. Kuna watu wengi duniani, jamani. Awuor akasema tuweke jina lolote na namba mbele yake, kila mtu anafanya hivyo. Nikakataa. Nikamwambia mtu si ng'ombe wa mnada wa kupigwa namba. Akashusha pumzi na kuendelea kuandika, na kila jina nililompa alijibu kwa neno moja bila kuinua macho: "Imekataa." Nikitaja, "Imekataa." Nikitaja, "Imekataa." Hapo ndipo mikono yangu iliposimama juu ya omena, na harufu ya mtama ikaingia.

Kwetu mtoto hupata jina la wakati aliozaliwa, la alfajiri au la mvua au la njiani, lakini hilo halitoshi, kwa sababu kila mtoto wa mvua ni Akoth. Jina la pili huletwa na marehemu mwenyewe. Humtokea mtu wa ukoo ndotoni na kuomba akumbukwe. Asipotokea, mtoto hulia. Mtoto akilia bila homa, bila jipu, akatupa ziwa la mama na kulia tu, wanawake wazee humzunguka na kuanza kuwataja wafu wa nyumba ile mmoja mmoja. Kama ni wewe fulani, tulia. Mtoto akiendelea kulia, wanasema amekataa, wanataja mwingine. Akinyamaza, basi huyo ndiye, na jina linakaa kwake mpaka afe. Katekista wetu alisema ni mambo ya giza, na mimi ni Mkristo, naenda kanisani kila Jumapili. Lakini nilikuwepo.

Mwaka ule mvua ilianza kabla ya wakati wake na haikujua kuacha. Mto ukapanda, ziwa nalo likapanda, yakakutana katikati ya mashamba yetu. Tulihamia kwenye kilima kidogo chenye jengo la shule, paa la mabati, familia nyingi ndani ya madarasa mawili. Kutoka pale ulikuwa ukiona vichwa vya ghala vikitokeza majini kama kofia za watu waliozama wakiwa wima, na mtama uliokuwa ndani yake ukioza kwa harufu ile niliyoieleza. Mama alikuwa mjamzito. Alijifungulia pale pale, nyuma ya ubao, wanawake wakiwa wameshika shuka kama ukuta. Akazaliwa mtoto wa kike. Siku mbili za kwanza alikuwa kimya kama jiwe. Siku ya tatu akaanza kulia, na hakuacha.

Nani hajasikia mtoto akilia? Lakini kilio kile chini ya mabati, pamoja na mvua, watu wamelala bega kwa bega na njaa imewakausha, kilikuwa kitu kingine. Watu walianza kutuangalia vibaya. Baba alikuwa radhi kwenda kukaa nje na kulowa kuliko kubaki ndani. Mama alikonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana kama mpini wa jembe chini ya nguo. Alikuwa akimsogezea mtoto ziwa, mtoto analitema. Kuna mwanamke alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto asiyetaka kukaa asilazimishwe. Mama alimsikia. Mimi pia nilimsikia, jina lake lilikuwa Salome Nyagudi, na nilimchukia mpaka siku tulipomzika.

Ndipo nyanya yangu, mama yake baba, akaketi kumwitia mtoto majina. Akaniketisha karibu naye, maana mimi nilikuwa mkono wake wa kulia katika jambo hilo. Tangu nilipoanza kusimama nilimsaidia kusaga mtama kwenye jiwe, na alikuwa na desturi ya kutaja jina la marehemu mmoja kwa kila konzi aliyoweka, ili unga usiwe kazi bure. Watoto wengine walifundishwa kuhesabu, mimi nilifundishwa wafu. Uzee ulikuwa umeanza kumla kumbukumbu, na pale alipokwama mimi ndiye niliyekuwa nikimkumbusha. Kabla hatujaanza aliniinamia sikioni, akasema:

"Wote, ila Apudo. Huyo usimtaje."

Apudo alikuwa mtoto wake. Kifungua mimba wake, dada mkubwa wa baba yangu. Nilimkumbuka kidogo: mwanamke mrefu, mwenye kikohozi, aliyenipa muwa. Aliolewa mbali, hakuzaa, na siku moja akarudi kwao na sanduku la mbao kichwani. Binti aliyeolewa akirudi hana nafasi ndani ya boma la baba yake. Alijengewa kibanda kando ya ua, akakaa humo akikohoa, akafa humo, na alipokufa desturi haikuruhusu azikwe ndani pamoja na wengine. Alizikwa nje ya ua, upande wa chini, unaoelekea ziwani. Watu waliokuwa wakimwita nyanya "Mama Apudo" miaka yote wakaacha siku ile ile na kuanza kumwita kwa jina la baba yangu, kana kwamba alikuwa amezaa kwa mara ya kwanza uzeeni. Jina la mtu kama yule halirithishwi. Inasemekana atakayelibeba atarudi kwao na sanduku kichwani. Na mwaka ule, upande wa chini ndio ulioanza kuliwa na maji. Nyanya alikuwa akitoka kila asubuhi na kusimama kwenye ukingo wa kilima, akitazama sehemu moja tu ya maji ambayo kwetu sisi ilifanana na maji mengine yote.

Tuliwaita wote. Siku nzima, na siku ya pili. Nyanya akitaja, akikwama namwongezea, na mtoto akilia juu ya kila jina. Amekataa. Amekataa. Wanaume nao tukawaita, maana hutokea. Siku ya pili jioni majina yakaisha. Nilimwona nyanya akifungua mdomo, midomo ikakutana kama inayotaka kutamka kitu, kisha akaufunga. Akaondoka.

Kesho yake adhuhuri mvua ilipumzika kidogo, watu wakatoka kuanika matambara, mama akaenda kujisafisha, nami nikaachwa na mtoto. Nilikuwa nimempakata. Alikuwa akilia bila nguvu sasa, kama mlango usiotiwa mafuta. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilijua kuna jina moja ambalo halijaitwa. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilitaka tu aache. Niliweka mdomo kwenye sikio lake nikasema, kama ni wewe Apudo, tulia.

Akatulia. Hapo hapo, katikati ya pumzi. Alinitazama, ingawa wanasema mtoto wa umri ule haoni, akafumba macho, akalala.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa maji. Nyanya aliporudi alisimama juu yetu kwa muda mrefu, kisha akaniuliza nimemwita nani. Ningeweza kusema. Lakini nilikumbuka katazo, nikaona ukuni wa kuchapiwa, nikaona hata mama akimtupa mtoto, nikajibu kwa haraka kwamba nimemwita Aloo. Aloo alikuwa mke mwenza wa nyanya, mtu mwema, mwenye wajukuu wengi na kaburi katikati ya boma. Tulikuwa tumeshamwita siku ya kwanza na mtoto akamkataa, nyanya alijua hivyo sawasawa na mimi. Aliwaambia watu mtoto ni Aloo. Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu maji yaingie, na mtu akatoa samaki.

Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyoitwa Aloo kwa uongo wangu. Alikua, akawa mrembo kunizidi, akaolewa na dereva wa trekta la miwa kule Muhoroni. Mimi nilikuwa nimeshaolewa hapa mjini. Kila habari njema kutoka kwake ilinipa usingizi wa juma moja. Kisha siku moja, miaka mingi iliyopita, nikasikia hodi, nikafungua mlango, nikamkuta amesimama na godoro kichwani. Ameachana na yule mwanamume. Sikumwona Aloo pale mlangoni. Nilimwona mwanamke mrefu mwenye sanduku la mbao. Nilimkaribisha, nikampa chai, sikumpa kitanda. Nilisema nyumba ni ndogo. Akabeba godoro lake akaenda Otonglo, akapanga chumba, akaanza kuuza viazi vitamu na mihogo kando ya barabara, na mpaka leo ndiyo kazi yake. Tulikutana misibani. Alipokuja kwangu mara moja moja aliketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kama mtu aliyeleta ujumbe.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu yaliletwa na mjukuu kweli. Awuor alikuwa amesimamisha vidole juu ya kompyuta, anangoja, na Jaspreet anaita kwenye simu, na majina yangu yalikuwa yamekwisha kama yalivyokwisha siku ile, limebaki moja. Nilitaka kujua kama huko nako litakubaliwa. Huo ndio ukweli, sitatafuta mwingine. Nikamwambia, andika Apudo.

Hakukuwa na maandishi mekundu. Awuor akapiga kofi la furaha, kisha akainama kusoma. Inasema jina haliwezi kubadilishwa baadaye, akaniambia. "Inauliza, una hakika?"

Mimi hakuna aliyeniuliza hivyo chini ya mabati. Nikasema hiyo gemu ni yake, achague mwenyewe. Akabonyeza.

Yakafuata majuma ya Apudo. Apudo aliamka ndani ya chombo kibovu kinachoelea gizani, akatafuta taa, akajifunza kufungua mlango, akakutana na mlinzi wa kituo aliyetaka kumfungia. Ukiongea na watu wa huko unapewa majibu matatu, uchague moja, na kwa sababu ya zile alama za ulimi Apudo alipata la nne ambalo wengine hawalioni. Awuor alijivunia sana hilo. Alikuwa akipita akienda kuchota maji huku ananisimulia: Apudo amepata kazi ya kubeba mizigo, Apudo amenunua injini, Apudo na Jaspreet wameenda sayari ya mchanga. Jina ambalo sikuwahi kulisikia likitamkwa kwa sauti tangu utotoni sasa lilikuwa likiruka ndani ya nyumba yangu kama kifaranga. Nilikuwa nikilisikia na kuganda. Alipokosea jibu, alifungua mahali alipohifadhi na kurudi nyuma kabla ya kosa. Nilimwuliza anaweza kurudi nyuma mpaka wapi. Akasema mpaka pale ulipohifadhi mwisho, kama hukuhifadhi ndiyo basi.

Aloo alikuja Alhamisi moja. Alikuwa ametoka kliniki ya magoti mjini na mvua ikamfungia njia. Aliketi kwenye kile kiti chake, tukaongea habari za bei ya mihogo. Awuor alikuwa chumbani. Mara sauti yake ikaja, ya kawaida tu, kama anayesema sukari imekwisha:

"Dani, Apudo amekufa tena."

Aloo aliweka kikombe chini. Hilo jina hakuwahi kulisikia. Alijua kwamba kulikuwa na shangazi aliyezikwa nje ya ua na maji yakamchukua, lakini nyumba yetu ilikuwa imefunga mdomo kabla yeye hajapata masikio. Akaniuliza, "Apudo ni nani?"

Nilikuwa na majibu yangu matatu. Ningesema ni jina la gemu, ambalo ni kweli. Ningesema sijui, watoto wa siku hizi wana mambo. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini nimeyaficha miaka mingi na kilio kilikuwa bado hakijaja, ningeweza kuendelea. Nikatazama magoti yake yaliyovimba. Nikamwambia yote: mabati, majina, konzi za mtama, sikio lake, uongo wangu.

Akacheka kidogo, bila furaha. Akasema mama mwenyewe alishamweleza kwamba hakuwa na maziwa mwaka ule, labda alikuwa na njaa tu, labda alichoka kulia. Nikasema labda.

"Nyanya hakuwahi kuniita Aloo," akasema. "Unajua hilo? Hata siku moja. Mpaka anakufa aliniita mwanangu. Nilidhani ndiyo mazoea ya wazee."

Mimi pia nilidhani hivyo. Nyanya alikuwa akimbeba mtoto yule mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kutembea, na watu walimtania.

"Siku ile nilipokuja na godoro," Aloo akaendelea, "ulisimama mlangoni ukaniangalia kama maiti. Nimelala na macho yale Otonglo miaka hii yote. Nikajiuliza, nimekukosea nini, Rosalia."

"Hukunikosea. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Nilimwogopa yeye."

Akatikisa kichwa. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Nyanya alijua, akanibeba. Wewe ulijua, ukafunga mlango."

Mimi, niliyemwambia mtoto aweke alama zake kwenye ulimi, niliokota tu kikombe chake. Aloo aliinuka, akashika ukuta, nikadhani anaondoka, lakini alielekea chumbani kwa Awuor. Niliwasikia kupitia pazia. Alimwomba amwonyeshe huyo Apudo. Awuor akamwambia, Dani Aloo, ngoja nianze kutoka mwanzo ili uelewe, akamweleza kila kitu polepole, vile alivyonieleza mimi: huu ni uso wake, ametoka huku, alama zake ziko hapa, hii ndiyo kazi ya kwanza. Aloo aliuliza maswali ya mtu mzima. Anakula nini? Analala wapi? Awuor akasema analala ndani ya chombo chake, ni chake mwenyewe, hakuna anayeweza kumtoa. Mvua ilipokatika Aloo alimuaga mtoto, akachukua mfuko wake. Kwangu alipita akisema tu kwamba barabara itakuwa na matope.

Nikilinganisha wakati ule na huu, sijui nianzie wapi. Siku hizi mtoto akilia anapelekwa kliniki, anapimwa uzito, mama anaulizwa kama maziwa yanatoka, na nadhani ni vizuri, ningependa sana kama mtu angemwuliza mama yangu swali hilo. Majina ya watoto yanatafutwa kwenye simu. Wazee wa kuyataja wamekwisha, na mimi nikifa daftari langu litafungwa, sijaona wa kumpa. Sisi tulikuwa na hofu ya wafu, lakini tulikaa nao, tuliwasagia unga. Awuor haogopi. Kwake Apudo ni mwanamke hodari mwenye injini mpya, na hajui amebeba mtu gani, nami sijamwambia. Kuna siku naona hilo ndilo jambo jema pekee lililotokea kwa jina lile tangu maji yaingie. Kuna siku naona nimerudia kosa lile lile, kumpachika mtoto jina bila kumwambia lilitoka wapi. Sijaamua. Umri wangu ni wa kukaa na jambo, si wa kuliamua.

Aloo hajarudi. Hupiga simu Jumapili baada ya kanisa, na hupiga ya Awuor, si yangu. Huongea kwa muda mrefu. Humwuliza Apudo amefika wapi, ameshinda nini, na kama msafiri fulani waliyemsaidia huko amepona, na Awuor humjibu kila kitu huku akizunguka uani. Mimi huwa nimeketi na ungo wangu karibu na dirisha. Jumapili iliyopita Awuor alipomaliza alikuja akasimama mbele yangu, simu bado iko mkononi.

"Ameuliza kama uko," akasema.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia uko."

"Na yeye?"

"Akasema sawa."